Kinanda Kisikike

Kariakoo, Dar es Salaam
3 Novemba 1995

Dada Felisita,

Mwanguluka! Mimi mzima kama ng'ombe wa Meatu baada ya mvua. Sijui wewe, shemeji Maduhu na hiyo kwaya yako.

Mayige, kondakta wa basi, atakushushia maboksi mawili: kinanda cha umeme na jenereta lake. Ni soko huria siku hizi, dada, hata mtu wa darasa la tano kama mimi anaagiza Dubai! Kile kinanda chenu cha kukanyaga mpeni bibi ashonee nguo. Hiki kina sauti mia: filimbi, tarumbeta, hata ndege. Askofu akija Krismasi, mpigieni huyo Baki wenu mpaka afufuke.

Mdogo wako tajiri,
Mboje

Bariadi
14 Novemba 1995

Mdogo wangu Mboje,

Wabeja sana kwa zawadi, baba. Huku wazima, ila pamba ya Kasoli imenyeshewa.

Anaitwa Bach, yule mtunzi wa Kijerumani, chizi wewe! Kinanda nimekipiga. Kile cha kukanyaga sauti zake hushikana kama uji, nasi tulikuwa tunajikokota nazo. Humu nimekuta sauti nyembamba, kama kuku anadonoa nyuzi. Marehemu padre aliniambia vinanda vya enzi za Bach vililia hivyo. Kila noti inadondoka peke yake, inakufa upesi. Basi kwaya imejifunza kukimbia! Hata besi ya Joakim sasa unaisikia inakokwenda.

Shida ni jenereta. Linaunguruma dirishani, linameza nyuzi zote.

Dada yako

Kariakoo
23 Novemba 1995

Shikamoo dada. Mgongo vipi?

Si mbonyeze sauti ya kinanda kikubwa cha kanisani, na ngoma juu yake? Jenereta halitafua dafu. Lakini najua ubishi wako. Basi msikilize mtu aliyefika Nairobi mara mbili: liingizeni kwenye ile stoo ya chumba cha mazoezi, fungeni mlango, dirisha lizibeni kwa magunia ya pamba. Pamba humeza kelele. Na wezi wataisoma namba.

Mdogo wako, injinia

Bariadi
4 Desemba 1995

Mboje wangu, hujambo?

Kumetulia! Nyuzi zinasikika moja moja. Nataka Askofu asikie hivihivi, si vinginevyo.

Ila tangu juzi vichwa vinatuuma. Flora alitapika katikati ya wimbo, Eufrasia akasinzia amesimama. Joakim anasema ni mzimu wa padre, umekasirika tulivyotupa kinanda chake. Ukuta wa stoo haufiki juu, moshi kidogo unapita, lakini haukeri.

Dada yako

Kariakoo
11 Desemba 1995

Dada, salamu tele.

Mzimu upige kwaya nzima? Malaria hiyo. Na Eufrasia amesinzia tangu darasa la pili! Mnywe chai ya tangawizi, muimbe.

Mdogo wako, daktari

Kariakoo
18 Desemba 1995

Dada, salamu baadaye. TOENI JENERETA NJE.

Nilikuwa nawachekesha watu dukani kwa habari za mzimu wenu. Fundi Shigela hakucheka. Akauliza, "Limewekwa ndani?" Anasema katika ule moshi mna hewa isiyoonekana wala kunuka. Inamlaza mtu kama usingizi, haamki. Alimzika jirani yake hivyo.

Zibueni. Msiimbe humo. Rudisheni kile cha kukanyaga, au imbeni bila kinanda, Askofu hatakufa. Simu ya posta ya huko haiiti, nampa Mayige barua hii mkononi.

Nakuomba, dada.
Mboje

Bariadi
20 Desemba 1995

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mayige anageuza basi, naandika mbiombio.

Bahasha yako imefika. Nimeona juu yake HARAKA SANA, nikacheka: hata uliponiuliza bei ya karanga uliandika HARAKA SANA. Nimeichomeka kwenye vitabu vya kwaya, nitawasomea wote jioni. Nikiifungua sasa tutacheka tu, hakuna atakayeimba.

Mvua inapiga bati, kwa hiyo tumefunga na madirisha ya chumba. Hatutoki mpaka wimbo ukae sawa. Vichwa bado, lakini Flora anasema chake kitapona akiimba. Joakim ameshaliwasha jenereta.

Ungekuwepo usikie, Mboje. Watu wametulia tuli, halafu zile nyuzi.

Dada yako,
Felisita