Nyundo Hailii Kabla ya Mazishi

Baba Sophie,

Ukifika na mabati mapya kutoka Kasese, uyapange kando ya ukuta. Usipande juu. Nasema usipande!

Mukaka Kellen, yule bibi muzee wa nyumba ya hapa nyuma, amekufa leo asubui. Wewe ulikuwa umetoka tu, umeng'oa mabati yote ya zamani, umeacha nyumba wazi kama chungu bila kifuniko. Nilikuomba ungoje fundi kwanza, ukasema jua iko kali. Fundi Asanasio akafika, akasikia kilio, akarudisha vyombo kwenye mufuko. «Mama Sophie, mutu hajazikwa. Nyundo haiwezi kulia hapa kijijini.» Watazika kesho, wanamungojea mutoto wake. Na kule mulimani mawingu imekwisha kuwa nyeusi. Nifanye nini mimi? Nimelia, na sijui kama namulilia Kellen ao nalilia nyumba.

Batoto beko kwa kaka yangu Gracien. Magodoro iko chini ya meza. Simenti uipandishe juu ya mawe. ~~Turubai ufunike kitanda.~~ Turubai usitafute, nimelipeleka kwenye kilio, watu walikuwa wanakaa kwa jua. Ukasirike tu. Ile siku tulifika hapa toka Beni tumelowa na mvua, ni nani alitufungulia mulango?

Maharagi iko kwa sufuria. Kula, kisha ukuje tukeshe nao.

Na nyundo yako usiitafute pia, sababu nakujua. Nimeifunga kiunoni ndani ya kitenge, naenda nayo kilioni.

Mama Sophie