Mafuta ya Alizeti kwenye Pijo Langu

Kiomboi, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama aliniambia umeanza kwenda shambani bila fimbo. Nilifurahi, kisha nikaogopa, maana nakujua. Huko Tukuyu nadhani mvua haijawapa nafasi ya kuanika hata soksi. Huku mimi ni mzima, nakula vumbi na kumshukuru Mungu. Kazi hospitalini ni nyingi lakini naiweza.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika nusu. Ni habari za Pijo, Baba. Usikunje uso. Ulisema mwanamke peke yake na gari kuukuu linalomzidi umri anatafuta kulia barabarani, na tangu nilinunue hujaniulizia habari zake hata siku moja. Imeniuma sana. Basi leo soma mpaka mwisho.

Kila Jumamosi ambayo siko zamu naliosha mwenyewe uani. Maji tunachota kwa madumu, kwa hiyo nimejifunza kuliosha kwa ndoo mbili tu, na maji machafu namwagia mipapai. Kisha napima oili, nasafisha plagi, napaka girisi kila mahali panapolia. Mama Kitundu, mwenye nyumba wangu, hunitania: "Wewe binti, hilo gari unaliogesha kuliko unavyooga mwenyewe!" Jogoo wake ndiye adui yangu. Nikiung'arisha mlango anajiona humo, anadhani kaja jogoo mwingine, anaanza kuudonoa.

Sasa sikia. Mwezi uliopita Anna, binti yake Mama Kitundu, alinishika mkono akasema hataki gari la kukodi siku ya harusi yake. Anataka kupelekwa kanisani na Pijo la bluu, na niendeshe mimi. Nilikubali hata hajamaliza kusema. Baadaye ndipo nikaanza kuogopa: likinizimikia, nitauweka wapi uso wangu mbele ya mtaa mzima? Na wewe je, si ungesema ulishaniambia?

Harusi ilikuwa jana. Gari nililiosha Alhamisi, na Ijumaa nikawa kazini kutwa. Mama Kitundu kwa wema wake akaona halijang'aa vya kutosha. Akachukua mafuta ya alizeti, yale anayokamulisha mwenyewe mashineni, akalipaka gari zima, boneti mpaka mkia, kama anampaka mtoto wa kubatizwa. Niliporudi jioni lilikuwa linametameta kweli, hata nikamshukuru. Lakini upepo wa Singida hujaujua, Baba. Asubuhi Pijo lilikuwa kama kiazi kilichong'olewa sasa hivi.

"Haa! Na mafuta yangu ni safi, sijachanganya na kitu!" Mama Kitundu akalalamika, kana kwamba kosa ni la vumbi.

Ibada ilikuwa saa nne. Shangazi zake Anna wakafunga vitenge viunoni, wakaja na ndoo na sabuni ya unga, tukasugua huku wanaimba. Mmoja akafungua boneti, akaona na mle kuna vumbi, akamwaga ndoo nzima. Mimi nilikuwa nyuma nasugua matairi, nikasikia tu maji yakimwagika.

Nikawasha. Likakohoa, likanyamaza. Nikawasha tena, kimya. Ilikuwa saa tatu na robo. Shangazi mmoja akaanza kuulizia namba ya mwenye gari la kukodi.

Baba, kichwa kilitulia ajabu. Nikafungua kifuniko cha distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi, nikakuta maji yametuama humo. Wewe huwa unaifunga kwa mfuko wa plastiki kabla ya kuosha injini. Mimi sikuifunga, maana sikupanga kuosha injini. Nikafuta kwa kitambaa, bado unyevu. Chumbani kwa Anna, dada wa saluni alikuwa anamkausha nywele. Nikaingia na kifuniko mkononi, nimechafuka hadi viwiko.

"Dada, naomba hiyo draya."

"We! Nywele za bibi harusi ziko nusu!"

"Mpe," Anna akasema. "Nywele nitazifunika na shela. Gari nitalifunika na nini?"

Tukakausha, nikarudisha kifuniko, nikawasha. Likanguruma! Nilipiga kelele kama mtu aliyefunga goli, na shangazi wote vigelegele. Tulifika kanisani saa nne kasoro dakika tano, nywele za Anna upande mmoja zimenyooka, upande mwingine hapana, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi.

Wakati wa chakula mafundi wawili wa stendi, waliosimuliwa na shangazi jinsi nilivyoliwasha, walikuja kunipa mkono, wakauliza nani kanifundisha. Nikasema ni baba yangu, fundi wa Tukuyu, na nilisema kwa kujivuna. Sikuwaambia kwamba uliyekuwa unamfundisha ni Kaka Tumaini, na mimi nilikuwa mshika tochi tu, miaka yote ile. Hukuwahi kuniambia nitazame. Lakini nilikuwa natazama, Baba. Nilitazama kila kitu.

Mwambie Mama asali ya huku nimemwekea galoni nzima. Shangazi Ambwene wa dukani msalimie sana, na mtoto wake aliyeanza kutembea mbusu kwa ajili yangu. Kaka Tumaini naye mpe salamu. Mwambie nakuja likizo ya Desemba, tutaifungua injini ya ile Landrova yako iliyolala bandani, mimi na wewe. Tochi atashika yeye.

Ni mimi binti yako,
Atupele