Siku Uliyoacha Kura Ukamtafuta Mama

Kaka yangu Eero,

Dada yako amenipigia simu kutoka Ufini kunipa habari kwamba umetutoka. Kiingereza chake kizito kama changu, basi tuliongea polepole, na palipokosekana neno tulilizunguka kwa maneno mengine. Anasema ulirudi kutoka kukimbia msituni, ukajinyoosha kwenye kochi na viatu vyako vya michezo, hukuamka tena. Nimekaa na habari hiyo siku nne. Nafagia, napika, nasali, lakini moyo hautulii, kwa sababu wewe umeondoka na siri yangu na mimi ndiye niliyekutwisha.

Nakuita kaka kwa sababu mama yangu alikuita mwanangu. Zamani, nilipokuwa nasafisha ofisi na ghala lako la milango na madirisha ya mbao kule Great Barr, hapa Birmingham, nilikuita Bosi, na hukupenda.

"Mimi namiliki milango tu," ulisema. "Wewe sikumiliki."

Medali zako ulizitia kwenye droo moja na misumari. Nilidhani ni za mpira. Ukanieleza kwamba kwenu kuna mchezo wa kutupwa msituni na ramani na dira, mkimbie mkitafuta vituo vilivyofichwa, na wewe ulikuwa hodari wa nchi nzima. Nilicheka sana. Kwetu mtu akipotea porini anatafutwa na kijiji kizima, ninyi mnapotea kwa makusudi mkapewa medali!

"Na ukipotea kweli?" nilikuuliza.

"Nasimama. Najiuliza mara ya mwisho nilipojua niko wapi ilikuwa wapi."

Siasa ulizifuata kwa ajili ya mlango. Ulikuja mtaani kwetu Ladywood kuweka mlango mpya kwenye ukumbi wetu, ule ambamo kina mama tulikuwa tunakutana na watoto wanasoma Kurani Jumamosi. Hukutaka malipo. Ukaona paa linavuja juu ya watoto, ukauliza diwani wetu nani. Tukatazamana, hakuna aliyemjua. Ukasema, "Basi nitagombea mimi," vile vile kama mtu anayesema basi nitaleta ngazi.

Nikakupitisha nyumba kwa nyumba kwenye yale maghorofa. Siku ya kwanza ulinitia aibu. Unagonga, mtu anafungua, wewe unasema, "Naitwa Eero, naomba kura," unanyamaza. Watu wakadhani una kiburi.

"Uliza hali kwanza," nikakwambia kwenye ngazi. "Nyumbani hawajambo? Watoto? Afya? Kazi?"

"Yote hayo?"

"Yote."

"Kila mlango?"

"Kila mlango, Bosi."

Ukayaandika kwenye kidaftari. Tulipofika kwa Bi Zuhura, mwenyekiti wetu wa kina mama, ulimuuliza hali ya watoto, ya wajukuu, ya magoti yake, kisha ukamwona paka dirishani ukauliza na yeye hajambo. Bi Zuhura alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu mzungu kalelewa," akasema, akatuletea sambusa. Alikupigia debe kuliko mimi. Ukashinda.

Sasa nafika kwenye ile siku.

Mama yangu alikuwa ameanza kusahau. Niliishi naye ghorofa ya tisa, na nikienda kazini nilimfungia mlango kwa nje. Nasema leo wazi: nilimfungia. Sikuwa na mtu wa kukaa naye, na niliogopa watu wa serikali wakijua watamchukua wampeleke nyumba ya wazee, afe katikati ya watu asiojua lugha yao. Na niliogopa midomo ya watu wetu, waseme nimemfunga mama yangu kama mbuzi. Siku hiyo mama aliuona ufunguo wa akiba kabatini. Niliporudi mchana, mlango wazi, viatu vyake havipo.

Nilijua saa nane una kikao cha kamati, cha kuamua ukumbi wetu ubaki au ufungwe yajengwe maghorofa mapya. Wiki nzima tulikuwa hatuzungumzi jingine. Nikakupigia hata hivyo. Sikuthubutu kumpigia mtu mwingine, na polisi ndio kabisa.

Hukuniambia una kikao. Uliniuliza jambo moja tu. "Mama yako alipokuwa msichana, akitoka nyumbani alikwenda wapi?"

"Kuokota kuni," nikasema, nalia.

"Umewahi kumpeleka wapi hapa penye miti mingi?"

Nikakumbuka. Mara mbili tu nilikwenda naye kwa treni mpaka Sutton Coldfield, kwenye nyumba moja niliyokuwa nasafisha, tukapita kwenye ile bustani kubwa yenye msitu ndani. Tukapanda treni mimi na wewe, ukiwa na suti yako ya kikao na tai. Simu yako ililia mfukoni njia nzima. Ulitazama jina, ukairudisha.

Ulitembea mule msituni kama mtu aliye kwake. Ulikataa njia za kupanda, ukasema mtu mzima mwenye mzigo atashika bonde. Tukamkuta amekaa juu ya gogo, na kanga mbili tu na sweta, mzigo wa vijiti mapajani. Wewe ukachutama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umechelewa? Zibebe hizi kuni, mvua yaja."

Ukazibeba, kaka. Diwani wa watu, na tai yake, ulikaa kwenye treni na mzigo wa kuni magotini, abiria wanakutazama, na mama amekulalia begani.

Tulipofika nyumbani nikakushika mkono. "Kwa jina la Mungu, usimwambie mtu. Hata mkeo, hata Bi Zuhura." Ukasema, "Simwambii mtu." Hapo tena saa kumi ilikuwa imepita. Ukumbi ulifungwa kwa tofauti ya kura moja.

Jumapili kina mama walikuita. Kila mmoja alikuwa na lake: umenunuliwa, wenye maghorofa mapya wamekupa bahasha. Bi Zuhura akasimama. "Sisi tulikuweka pale. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na kazi nyingine."

"Kazi gani inayopita watoto wetu? Mwizi wewe!"

Mimi nilikuwa namimina chai. Ulitazama sakafu, hukutupa jicho upande wangu hata mara moja, ili mtu asije akalifuata. Nikaendelea kumimina. Nilipomaliza vikombe, nikaosha vile ambavyo havijatumika.

Katika uchaguzi uliofuata ulishindwa vibaya. Siku unafunga ghala, nilikuja kukuomba radhi, nikashindwa kuanza. Ukaniuliza mama hajambo, ukamalizia orodha yote, nyumbani, afya, kazi. Ukaondoka Birmingham. Mama aliishi nami miaka mitatu zaidi, akafia mikononi mwangu, na siku zake za mwisho aliuliza mara nyingi yule mwanawe mwenye tai yuko wapi. Nilimwambia kasafiri. Baada ya mazishi hapakuwa na wa kumlinda tena isipokuwa mimi mwenyewe, na bado nilinyamaza. Hilo ndilo linalonichoma. Kila nilipotia udhu nilijiambia wiki ijayo nitasema.

Juzi nilimpigia Bi Zuhura kumwambia umekufa na kumwomba nafasi ya kusema mbele ya kina mama Jumapili.

"Yule aliyetuuza?" akasema.

"Hakutuuza, Bi Zuhura. Alikuwa na mama yangu."

"Kaa hapo hapo. Nakuja."

Alikuja na fimbo yake, lifti imeharibika, akapanda ngazi za ghorofa zote tisa. Hakuvua koti. Nikampa barua hii, ilipokuwa imefikia hapo juu. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Miaka yote hii," akasema. "Nimepita njiani nakusalimia, na wewe umekaa na hili."

"Nisamehe."

"Mimi siye wa kuombwa." Alilia, Eero. Sijawahi kumwona yule mama akilia, hata alipomzika mumewe. Kisha akanirudishia karatasi. "Sasa andika na jina langu. Andika kwamba mimi ndiye niliyemwita mwizi mbele ya watu, na sikuwa na ushahidi. Jumapili utasoma wewe, na hapo pangu nitasoma mwenyewe."

Basi nimeandika. Sijui watanifanya nini baada ya hapo. Sikumuuliza ustadhi nikuombee dua gani, wewe ambaye hukuwa wa dini yangu; naogopa jibu lake. Nakuacha mikononi mwa Yule aliyekuona ukipanda treni siku ile, nami ninamwambia kila sujudu kwamba ulinitunza.

Pumzika, kaka. Siri nimekutua, sasa ni yangu kuisema.

Ni mimi dada yako wa Ladywood,
mtoto wa mama yetu