Keziah Atajifungua na Nani?

Bibi Mshauri mpendwa, nisaidie, moyo umenielemea wala sina wa kumwambia, mimi ni mjane, na tangu Februari tuliposaini karatasi ya wanawake wa mji wetu kwamba hatunywi chai mpaka ushuru aliotutoza Mfalme wa Uingereza juu yake ufutwe, wala hatukanyagi nyumba inayoinywa, sijaingia kwa jirani yangu Keziah, maana mumewe bado anaiuza, na huyo Keziah ndiye shoga yangu wa pekee, ndiye aliyenishika mikono siku mbili nzima mpaka mtoto wangu akatoka hana uhai, sasa yeye mwenyewe ana mimba, siku za kujifungua zimekaribia, na hapa kwetu mwanamke hazai peke yake, majirani sita saba hujaa chumbani na uji na porojo, lakini juzi uani kwa mchungaji, tukisokota sufu, Bi Tirzah, anayeitunza ile karatasi, akasema, "Akazalishwe na birika lake!" wote wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Jana Keziah alinipungia mkono dirishani, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nikienda kwake, wenzangu watanifuta kwenye karatasi, nami nimechoka kula peke yangu. Nifanyeje?

Mehitabel, Massachusetts, 1770

Mehitabel, pole kwa mtoto wako, pole sana. Sasa nisikilize. Ulicheka? Aibu! Mimi pia sinywi chai, nachemsha majani ya rasiberi, mabaya hayo, na sijalegea. Lakini ulisaini kumnyima Mfalme ushuru, hukusaini kumnyima shoga yako mkono wa kushika. Hayo ya kutokanyaga nyumba za watu yameandikwa na wenye wageni wengi. Na hao unaoogopa watakufuta, tangu Februari nani kati yao amekuja kula kwako?

Ukimaliza kusoma hapa, inuka. Chukua mashuka safi na uji wa mahindi, upite mlango wa mbele, mchana, watu wakuone. Akikuletea chai, geuza kikombe kifudifudi, weka kijiko juu yake, ataelewa kuwa hunywi, kisha endelea kukaa. Usimpigie hotuba ya msamaha. Muulize kuni ziko wapi, uwashe moto. Msamaha utauomba mtoto akishalia.

Bi Tirzah akikuuliza watoka wapi, mwambie, "Kwa Keziah, na mikono haitoshi, twende." Akikataa, alifute jina lako. Karatasi yake ina majina sitini. Chumbani kwa Keziah hakuna mtu.