Swali Ulilomuuliza Dotto

Mikumi,
Jumanne.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama naye mpe shikamoo yangu, umwambie ule unga aliompa Odilia aniletee ulifika salama na umekwisha zamani. Natumaini hujambo, goti limeanza kukubali kile kilima cha kwenda shambani, na mvua huko Masanze imewaachia nafasi ya kupalilia. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haukai mahali pamoja. Barua hii nimeianza mara nne tangu asubuhi, na kila nikiandika mistari miwili nasimama, nakwenda hadi mlangoni, narudi. Ungekuwa hapa ungeniambia nikae chini kama mtu mzima.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ninayo. Wewe simu unaisikiliza kwa spika, baba, hadi wapita njia wanajua habari zetu. Tena kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningefurahi kukatizwa.

Nianze na habari za kazi. Ile mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta, uliyokuja kuiona wakati wa Pasaka, imemaliza milango yote kumi na minne ya hoteli ya watalii, kila mlango na mnyama wake. Mama Salome, mwenye karakana, alisema ameridhika, ingawa alilisema kwa uso uleule anaotumia kufokea. Siku ile uliniuliza kompyuta inajuaje pa kukata, nikakujibu harakaharaka kwa sababu nilikuwa najionyesha. Ukweli ni kwamba mashine ilikuja bila programu yake. Mimi na Dotto tulipakua programu huria, ambayo watu wa nchi mbalimbali wameiandika na kuigawa bure, na kila mtu anaruhusiwa kuifungua na kuibadilisha. Tukaiweka kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini. Inaongozwa na faili la maandishi ya kawaida tu: mstari mmoja unasema mota ya kulia ni ipi, mwingine unasema mota ikizunguka mara moja kisu kisogee kiasi gani, mwingine unasema waya wa kitufe chekundu cha dharura umeingia wapi. Ukikosea mstari mmoja utaona mambo. Wiki ya kwanza tulichonga neno KARIBU likatoka limegeuka, linasomeka kwenye kioo tu. Tukiagiza sentimita kumi, inakwenda nane. Dotto ndiye aliyeshika rula na kunisomea, siku nzima bila kuchoka, na kila nilipokata tamaa alinicheka kwa Kisukuma ili nisijue ananitukana nini.

Nasema haya kwa sababu nyumbani hamumjui Dotto huyo. Ninyi mnamjua Dotto Luhaga aliyekuja kumposa binti yenu Brightness akiwa na vidole vitatu kwenye mkono wa kushoto.

Siku ile naikumbuka kuliko ninavyotaka. Baba yake, mzee Luhaga, alitoka Msowero pamoja na mshenga wao, mzee Ngolo. Mjomba Makarius alikuwepo upande wetu, na mazungumzo yalikwenda vizuri hadi ulipougeukia ule mkono. Ulimuuliza Dotto, siku mashine ilipomkata, alikibonyeza kitufe chekundu au hakukibonyeza. Mwongo angesema alibonyeza, basi. Dotto akainamisha kichwa, akasema anadhani alibonyeza lakini hawezi kuapa, kwa sababu kitufe kilijaribiwa baadaye mbele ya watu na kikazima mashine vizuri. Ukanigeukia mimi, kwa kuwa siku ya ajali nilikuwepo karakanani, ukaniuliza kama nilimwona akibonyeza. Nikasema sikuona. Mjomba akaguna. Wewe ukasema, tena kwa upole, kwamba mtu aliyeshindwa kuulinda mkono wake mwenyewe huwezi kumkabidhi binti yako. Wageni wakaaga.

Tangu siku hiyo Brightness hapokei simu yangu. Mama anasema anapika, anakwenda kwaya, anarudi, hasemi. Huku nako Dotto aliondolewa kwenye mashine akapewa kazi ya kupiga msasa. Kila alipopita karibu na mashine alikuwa akiinua mkono wa kulia kuelekea kwenye kitufe, bila kukigusa, kisha anaushusha. Alikuwa anajaribu kukumbuka. Nimemwona akifanya hivyo siku baada ya siku, baba, na nimeshindwa kuendelea kumwona.

Nimesimama tena, nimerudi. Nisipoandika sasa sitaandika.

Mwezi mmoja kabla ya ajali, mashine ilianza kujizima katikati ya kazi. Kompyuta inaandika kwamba kitufe cha dharura kimebonyezwa, na hakuna aliyekigusa. Mlango mmoja ukaharibika, wa pili ukaharibika. Niliuliza kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa programu ile, na mtu mmoja ambaye hata sura yake siijui akanijibu siku hiyohiyo. Alisema waya mwembamba wa kitufe umepita sambamba na waya mnene wa mota ya kisu, na umeme wa ule mnene unausumbua mwembamba hadi kompyuta inadanganyika. Nizitenganishe, ninunue waya wenye ganda la kuzuia usumbufu. Akamalizia kwa kunionya nisithubutu kukinyamazisha kitufe ndani ya programu ili kazi iende. Kabla hajanionya, wazo hilo sikuwa nalo.

Waya ulibidi uagizwe Dar, na ungechukua siku nne. Mimi nilikuwa nimeshajigamba kwa mama Salome kwamba kwenye mashine ile hakuna kinachonishinda. Nikafungua faili, nikaweka alama ya reli mwanzoni mwa mstari wa kitufe, ambayo inaiambia kompyuta iuruke mstari huo. Chini yake nikaandika mstari mwingine unaosema kila kitu ni salama, wakati wote. Mashine ikaacha kujizima. Mama Salome akanipongeza, na wewe Jumapili ile ukawaambia watu nje ya kanisa kwamba kompyuta inamtii mwanao. Dotto sikumwambia. Waya ulipofika niliuweka kabatini, maana kazi zilikuwa nyingi na mashine ilikuwa inakwenda.

Siku ya ajali ubao ulichomoka kwenye vibanio ukaanza kurukaruka. Mashine ya randa ilikuwa ikiunguruma pembeni, huwezi kusikia kitu kingine. Dotto akakipiga kitufe kwa kiganja cha mkono wa kulia. Nilimwona, baba. Nilikuambia sikuona, na nilimwona. Kisu kikainuka, kwa sababu kilikuwa kimemaliza umbo moja kinahamia jingine, naye akadhani mashine imemtii, akaingiza mkono wa kushoto kuutoa ubao. Kisu kikashuka. Nikakimbilia swichi kubwa ya ukutani, lakini nilichelewa.

Walipompeleka hospitali mimi nilibaki, nikisema nasafisha damu. Nikaiondoa ile alama, nikaufuta ule mstari wa uongo, nikahifadhi faili, na ule waya wa kabatini nikaufunga. Ndiyo maana kesho yake mama Salome na fundi umeme walipokijaribu kitufe, mashine ilizima. Dotto alipotoka hospitali naye aliomba akijaribu kwa mkono wake. Alibonyeza mara tatu, na mara zote ikazima. Akaniomba radhi kwa kunitia hofu siku ile. Nikamwambia yamepita.

Jana nilimwambia. Nilimfungulia faili karakanani, nikaandika tena mbele yake nilichokuwa nimeandika, nikamwambia abonyeze. Akabonyeza, mashine ikaendelea kuchonga hewa. Nilitarajia anipige, na nilikuwa tayari kupigwa. Hakusema lolote kuhusu vidole. Aliniuliza kama ni kweli, basi, alibonyeza. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikamwambia alibonyeza, kwa kiganja kizima. Akakaa juu ya rundo la mbao akalia, na watu walipokuja nikawaeleza wote kwa nini analia. Mama Salome amenitaka nikae nyumbani hadi atakaponiita. Sijui kama ataniita.

Nitakuja Masanze Jumamosi. Naomba umwite mjomba, na umtumie ujumbe mzee Luhaga aje na mzee Ngolo, useme ni wewe unayewaita. Wakisikia ni mimi hawatakuja, na nitakuwa sina la kusema. Nilidanganya mbele yao, na ukweli nataka niuseme mbele yao. Brightness umsomee barua hii yote siku hiyohiyo utakayoipata, usiruke kitu, hata kama mama atakuambia usubiri.

Msamaha sikuombi kwenye karatasi. Dotto hajanisamehe. Jana jioni nilimuuliza kama atarudi tena nyumbani kwetu ukimwita. Alisema hana kinyongo na wewe, uliuliza swali la haki ukapewa jibu la uongo. Ila anajiuliza kama anaweza kuoa kwenye nyumba ambayo shemeji yake ni mimi. Amesema nisimsemee. Kwa hiyo sijui, baba, na Brightness naye ajue kwamba sijui.

Wasalimu wote hapo nyumbani na majirani wa kilimani. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao niliyekutia aibu,
Yared