Mvuke wa Saa Kumi

Mpendwa mjukuu wangu Mwenda,

Nakusalimu kutoka Nkubu. Mimi ni mzima, na ng'ombe amezaa.

Umeuliza kwa nini ile kompyuta ndogo uliyofunga ghalani, inayokutumia vipimo vya joto na unyevu, inaonyesha unyevu mwingi kila saa kumi. Haijaharibika. Ni mimi huchemshia chai humo.

Nilipokuwa msichana, kaka yangu alihamia mbali, na mama akaanza kushinda ghalani. Nikamuuliza, "Mama, unamngoja nani?"

Akasema, "Simngoji mtu. Nyumbani kuna kiti chake kitupu."

Nilicheka. Tangu babu yako atuache, namwelewa.

Nitachemshia nje, mahindi yasiote ukungu. Lakini uliponiuliza nilifurahi. Sikujua kuna mtu anaona.

Nyanya yako