Nani Anakujua Hapa Mugunga

Mugunga, Goma

Papa na Mama,

Nawasalimu sana huko Butembo. Natumaini magoti ya Papa yamepunguza kuuma na Mama anapata usingizi. Mimi niko mzima. Shangazi Masika alishikwa na malaria, akatibiwa, sasa anapika tena. Yeye mwenyewe ndiye anayewaletea barua hii akipitia Uganda, maana barabara ya Rutshuru bado imefungwa na vita.

Siku tulipokimbia Kiwanja, ninyi mkashika njia ya kaskazini, mimi na Shangazi ya kusini mpaka kambi hii, nguo niliziacha. Diploma yangu ya État ya kumaliza sekondari, buletini za alama za mwaka wa tano na wa sita, na cheti cha ubatizo nilivifunga kwenye plastiki nikavitia kifuani. Kwa hiyo chuo kikuu kimoja kilipotangaza kupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nilitembea mpaka Himbi, huko mjini, nikijiona niko tayari. Masharti yalibandikwa mlangoni pa biro ya karani: diploma, buletini, cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, picha, na karatasi ya mwenendo mzuri yenye muhuri wa shefu wa kartie, mtaa unaoishi. Ukikamilisha hayo, ndipo ufanye mtihani wa kuingia.

Karani alipitia karatasi zangu polepole.

“Diploma iko. Buletini ziko. Mwenendo mzuri iko wapi?”

“Ninaishi kambini, Papa.”

“Kambi si kartie. Lete muhuri ya shefu. Bila hiyo hautafanya mtihani.”

Hakusema kwa ubaya. Aliita mwingine.

Shefu wa hapa Mugunga ni muzee mtaratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mutoto, watu wa kambi wanakuja, wanaondoka. Niandike mwenendo gani na mimi sikujui? Nani anakujua hapa?”

Nilimtaja Shangazi.

“Huyo naye ni wa kambi. Nataka mukaaji. Mutu mwenye nyumba.”

Mkaaji niliyemjua alikuwa mmoja tu, Mama Bahati. Ni Muhunde aliyeshuka kutoka vilima vya Masisi katika vita ya zamani. Ana nyumba ya mbao, na nyuma yake shamba la maharagi katikati ya mawe ya volkano. Nilikuwa namlimia asubuhi, naye anatupa chakula. Si mtu wa maneno mengi. Mtoto wake wa kiume alichukuliwa na wapiganaji waliotokea upande wetu wa Rutshuru, na hajarudi. Kumwomba mama huyo asimame kwa ajili yangu kulinielemea.

Nilimwomba tukiwa tunapalilia. Alimaliza mstari wake kwanza.

“Shefu akiniuliza, nitasema nini?”

“Utasema mimi niko mutu mzuri, Mama.”

“Hiyo sijui. Mimi nakujua hapa shambani tu.”

Niliinama nikaendelea na kazi. Niliona imeishia hapo.

Kesho yake nilimkuta ukingoni mwa shamba amevaa kitenge cha kanisani, hana jembe. “Weka jembe chini,” alisema. “Twende.”

Mbele ya shefu hakukaa.

“Huyu anafika mapema. Hakuna siku aliondoka bila kuaga. Mbuzi yangu ilipopotea, aliifuata kwenye njia ya Sake, akairudisha, na mimi sikumutuma.”

“Kwa hiyo mwenendo wake ni mzuri?”

“Nasema nilichoona, Shefu. Mambo ya kwao sijui. Lakini akimusumbua mutu, munitafute mimi.”

Shefu aligonga muhuri. Njiani nilijaribu kumshukuru. Alinijibu kwamba magugu yamezidi upande wa chini, tuharakishe.

Mtihani niliufanya. Kemia haikunisumbua, fizikia ilinishinda mahali pengi. Majina yalipobandikwa, sikuwemo kwenye udaktari, Papa. Nilipitisha kidole tena na tena, jina langu halikuwepo. Nilijitenga kando mpaka watu walipopungua, ndipo nikasoma karatasi nyingine. Wamenipokea kwenye kilimo. Najua hicho sicho ulichoniombea. Hata mimi ilinichukua siku kadhaa kukizoea.

Wakati huo huo Shangazi aliamua kuja kwenu. Amechoka na hema, na simlaumu. Mama Bahati aliposikia nitabaki peke yangu, aliniita ndani akanionyesha kitanda kilichotandikwa vizuri, kisicholaliwa na mtu.

“Ni cha mutoto wangu,” alisema. “Leta vitu vyako. Lakini kila Jumamosi, siku ya Posho, utalima. Maharagi haijui kama uko ku iniversite.”

Nimehamia.

Papa, kwenye barua yako uliandika kwamba familia imeshakusanyika Butembo, tumebaki mimi na Shangazi tu, na ukaniuliza nitakuja lini. Mwaka huu sitakuja. Masomo yanaanza Jumatatu. Ukikasirika, umwambie Shangazi, naye atatafuta mtu wa kunifikishia. Nitapokea.

Nisalimieni Mukaka, mama yake Papa, na Kambale mdogo wangu, asiache shule. Katekista wetu wa Kiwanja, kama mko naye huko, mwambieni cheti cha ubatizo alichoniandikia kilikubaliwa. Na mnapomtaja Mungu jioni, mtajeni pia mtoto wa Mama Bahati. Anaitwa Innocent.

Ni mimi binti yenu,
Kavira